Joto la Ikulu

Ipo nchi moja ambayo jina lake halijulikani sawasawa, kwa sababu limeandikwa ndani ya Rejista, na Rejista haifunguliwi. Wenyewe huiita "hapa". Mgeni akiuliza hapa ni wapi, hujibiwa kwa heshima zote kwamba ni hapa, na mazungumzo huishia hapo.

Katika nchi hiyo kila nyumba ilipewa kompyuta na serikali, bure kabisa, pamoja na picha ya Mtukufu ya kutundika juu yake. Kompyuta ndiyo iliyoamrisha kila chombo cha nyumbani: taa, jiko, pasi, pampu ya maji, hata kengele ya mlangoni. Na ndani kabisa ya kompyuta, nyuma ya picha na nyimbo, ndimo ilimokuwa Rejista, yaani pale ambapo mashine imejiandikia yenyewe iwe vipi. Taa iwake kiasi gani, jiko lichemke kiasi gani, wimbo wa taifa upigwe kwa sauti gani mtu anapofungua bomba: yote yalikuwa humo, kila jambo na mstari wake. Kufika huko hakukuwa kazi. Ni kubonyeza sehemu mbili tatu, tena zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Kazi ilikuwa Onyo.

Onyo lilifundishwa shuleni kabla ya a, e, i, o, u. Popote liliposomwa au kuonekana, watu walisimama wima, mkono wa kulia kifuani, na kuliitikia neno kwa neno. Lilikuwa na beti nyingi, lakini ubeti wa kwanza ulitosha kumtoa mtu jasho:

Rejista ni moyo wa mashine.
Usiuguse moyo usioujua.
Ukigusa ukaharibu, ni juu yako.
Usipogusa ukaharibikiwa, ni juu yako vilevile.
Kabla ya kugusa, chukua nakala.
Kabla ya kuchukua nakala, usiguse.

Kinyozi aliyesikia Onyo redioni alimwacha mteja na nusu ndevu, akasimama. Mteja naye akasimama na nusu ndevu zake. Maharusi walisomewa kabla ya kuulizwa kama wamekubaliana. Hata wagonjwa waliokuwa hawajiwezi walinyoosha miguu kitandani, na wapo walioondoka duniani katikati ya ubeti wa tatu, wakasifiwa sana msibani.

Bi Sikuzani alilijua Onyo kuliko alivyojua jina la bibi yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, aliyeishi katika mji wa juu kwenye ukungu, mahali ambapo watu huvaa sweta hata wakienda kuomba radhi kwa jirani. Hakuwa na makuu. Alichokuwa nacho ni kuku wake wa kuchi, wale warefu wenye miguu minene na macho ya ugomvi, ambao mama yake aliwafuga, na kabla yake mama wa mama yake. Mama yake alipokuwa anakata roho hakuzungumzia shamba wala nyumba. Alimshika mkono akamwambia, "Hawa usiwaache waishe."

Halafu kikaja kideri. Kiliwafagia kuku wa mtaa mzima, jogoo na makoo, wa kwake na wa jirani, na Bi Sikuzani akabaki na banda lenye manyoya tu. Lakini siku chache kabla ya hapo alikuwa ameweka mayai kwenye mashine ya kutotolesha, kasanduku ka kioo kalikotii kompyuta kama vyombo vingine. Sasa mayai yale ndiyo yaliyokuwa ukoo mzima. Kila asubuhi aliyageuza kwa ncha za vidole, kisha alimulika moja kwa tochi, akaona mishipa myembamba na kitu kidogo cheusi kinachotikisika. Hapo alicheka peke yake na kurudisha yai taratibu, kama mtu aliyechungulia chumba cha watoto waliolala.

Mashine ilikuwa na joto la thelathini na saba na nusu. Kila mfuga kuku katika nchi hiyo alijua kwamba yai linataka hivyo. Wakubwa nao walijua. Kwa hiyo hadithi hii haina fumbo lolote.

*

Sikukuu ya kuzaliwa Mtukufu ilipofika, serikali iliwapa wananchi zawadi. Zawadi ilikuja kama zinavyokuja zote: kwa sasisho, yaani marekebisho yanayoingia kwenye kompyuta zote kwa mkupuo, bila kupiga hodi. Waziri wa Rejista akaifafanua redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu nchi yetu imekuwa na matabaka ya joto. Vipo vyombo vyenye joto kali na vipo vyenye joto hafifu. Mtukufu ameliona hilo akiwa ofisini kwake, ambako kiyoyozi, kama mjuavyo, kimewekwa kwenye kumi na nane. Akajiuliza, kwa nini nifaidi peke yangu? Kuanzia leo, kila chombo chenye joto, kiwe cha tajiri au cha maskini, kitakuwa na joto la Ikulu. Hakuna aliye juu ya kumi na nane."

Makofi yalipigwa. Waliopiga makofi walikuwa hawajaenda nyumbani bado.

Jioni hiyo sufuria zilikaa jikoni zikitazamana na wenye nyumba. Waoka mikate waliuza unga uliokandwa, wakaupa jina la mkate wa hiari. Chai ikanywewa kwa imani. Pasi ziligoma kunyoosha, na baada ya siku mbili taifa zima lilikuwa limekunjamana: walimu, makarani, mapadri na maimamu, wote wakitembea na nguo zilizojikunja. Majiko ya mkaa yangesaidia, lakini yalikuwa yamekusanywa zamani kwa sherehe, yakapigwa picha na kupelekwa makumbusho.

Bi Sikuzani hakustuka mara moja. Alidhani amri inahusu vyombo, na yai si chombo. Lakini alipoweka kiganja kwenye kioo cha mashine, kioo kilikuwa baridi. Akatazama namba: kumi na nane. Akaipigapiga mashine ubavuni, akaizima, akaiwasha. Kumi na nane. Akaleta blanketi akaifunika, akaleta na sweta la marehemu mumewe akaifunika juu yake, kisha akakaa chini sakafuni akiwa ameikumbatia.

Ulikuwa ni mstari mmoja tu ndani ya Rejista. Ukifuta kumi na nane na kuandika thelathini na saba na nusu, basi. Hata kuandika "naumwa" ni kazi kubwa zaidi.

*

Alikwenda kwanza kwa jirani yake, Mzee Mbaruku, mpiga tarumbeta wa zamani jeshini, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba aliwahi kugusa.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bi Sikuzani. Ingia polepole, mbele yako kuna meza. Au kiti. Mojawapo."

Nyumba ilikuwa giza totoro ingawa nje kulikuwa mchana. Mzee Mbaruku alikuwa amechoshwa na wimbo wa taifa kupigwa kila anapofungua bomba, akaingia kwenye Rejista ili aufute. Akafuta mstari, kisha kwa bahati mbaya akafuta mwingine, kisha akafuta wa tatu ili kusawazisha. Tangu hapo madirisha yalijifunga yasifunguke, taa hazikuwaka, pampu haikuvuta maji na kengele haikulia.

"Niligusa," alisema gizani, na sauti ilionyesha kwamba amejivuna. "Kwa mkono wangu huu. Watu wanaongea tu, mimi niligusa."

"Na wimbo uliondoka?"

"Wimbo upo. Ndicho kitu pekee kinachofanya kazi."

Bi Sikuzani akamweleza habari ya mayai. Mzee akavuta kiti karibu, au meza.

"Gusa," alisema. "Usingoje watu. Hiyo mashine ni yako, umeme unalipa wewe, mayai ni ya mama yako. Gusa. Ila usiguse kama mimi."

"Wewe uligusa vipi, ili nisifanye hivyo?"

"Hapo ndipo sikumbuki, mama."

Akatoka humo amechanganyikiwa zaidi. Nusu ya akili yake ilimwambia mzee yule ni shujaa. Nusu nyingine ilikuwa bado inapapasa kutafuta mlango.

*

Idara ya Miguso ilikuwa kwenye jengo refu lenye kibao mlangoni: USIGUSE MLANGO. Wananchi walisimama nje mpaka atoke mtu, wakapenya. Bi Sikuzani alipenya karibu na saa sita, akaelekezwa kwa Afisa Telesphori, kijana mwenye adabu, ambaye jambo la kwanza lililoonekana kwake lilikuwa shati. Lilikuwa limenyooka. Mikono yake ilikuwa na mkunjo mmoja tu, ule wa pasi, mkali kiasi cha kukata sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuhusu joto la mashine yangu ya vifaranga. Ni mstari mmoja tu."

"Ndani ya Rejista?"

"Ndani ya Rejista."

Afisa alisimama, akaweka mkono kifuani. Bi Sikuzani akasimama. Wakalisoma Onyo ubeti wa kwanza, kwa kuwa neno lilikuwa limetajwa mara mbili, kisha wakaketi.

"Mama, wewe ni mtumiaji wa kawaida?"

"Nadhani."

"Basi huruhusiwi kugusa. Anayeruhusiwa ni asiye wa kawaida."

"Na mtu anakuwaje asiye wa kawaida?"

"Asiye wa kawaida haulizi."

"Basi njooni nyie mniguse… mniandikie huo mstari. Nyie ndio wataalamu."

"Sisi hatuingilii Rejista za watu, mama. Kila mwananchi anawajibika kwa Rejista yake."

"Lakini haruhusiwi kuigusa."

"Sasa umeelewa," Afisa alisema kwa furaha ya kweli. "Wengine huchukua miezi."

Bi Sikuzani alitamani kulia, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye lile shati. "Shati lako limenyooka, mwanangu," alisema.

Karani aliyekuwa pembeni, naye amenyooka suruali, akaanza kutafuta kitu chini ya meza.

"Mke wangu hulilalia," Afisa Telesphori alisema mwishowe.

"Na hiyo suruali ya karani?"

"Naye ana mke mzito."

Haifai kumdhania mtu mabaya, na Bi Sikuzani hakumdhania. Alisema tu kwamba angependa wake hao wote wawili waje wamlalie mayai yake. Afisa akaona haya, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaahidi kuja na kamati kesho yake asubuhi.

*

Akisubiri kesho hiyo, Bi Sikuzani alisikiliza mjadala wa taifa redioni, viganja vyake vikiwa kwenye kioo cha mashine. Swali lilikuwa: je, mtumiaji wa kawaida aiguse Rejista mwenyewe? Profesa mmoja alisema hapana. Kumruhusu ni kumpa mgonjwa kisu ajipasue, na kama mnabisha, nendeni mkamtazame Mzee Mbaruku, ikiwa mtamwona. Profesa wa pili akasema ndiyo, maana mgonjwa aliyefungiwa kisu, tena daktari wake haji, atakufa akiwa na ngozi nzima. Wakavutana. Wakatoleana Kilatini. Mwendesha kipindi akahitimisha kwamba wote wawili wamesema kweli, umoja wa kitaifa umelindwa, na sasa tusimame kwa Onyo.

Bi Sikuzani akasimama. Ilibidi atoe viganja kwenye kioo.

Kamati ilifika ikiwa watatu: Afisa Telesphori, karani mwenye kipimajoto, na Msoma Onyo, bwana mmoja mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili. Bi Sikuzani aliwapa viti, akawasha kompyuta, akabonyeza pale na pale. Kioo cha kompyuta kikafunguka: mistari ya Rejista ikajipanga, na katikati yake, wazi kabisa, *joto: 18*. Akashika mdomo. Alikuwa hajawahi kuliona, na lilikuwa dogo namna ile.

"Kabla ya kugusa," Afisa alisema, "Onyo lote."

Wakasimama. Msoma Onyo akafungua kifua. Walipofika ubeti wa nne, kioo kikazima, maana kompyuta hizo zilisinzia zisiposhikwa kwa muda mfupi. Ikabidi kuwasha upya. Na kuwasha upya ni kuanza upya, na kuanza upya ni Onyo tangu mwanzo. Mara ya pili ikazima kwenye ubeti wa nne. Mara ya tatu Msoma Onyo alikimbiza maneno mpaka akapaliwa, ikazima kwenye ubeti wa tano.

"Si mtu mmoja awe anaishika huku mnasoma?" Bi Sikuzani aliuliza.

"Mkono uko kifuani, mama," karani alimkumbusha.

"Wa kushoto?"

Wakatazamana. Kugusa Rejista kwa mkono wa kushoto kulikuwa na kifungu chake cha sheria, tena kirefu.

"Basi huo muda wa kusinzia uongezwe."

"Wazo zuri sana," alisema Afisa Telesphori. "Uko ndani ya Rejista."

Walijaribu mpaka mchana ukaisha. Mwishowe Msoma Onyo alikuwa anatoa mvuke tu. Karani alipima mashine akakuta kumi na nane, akampongeza mwenye nyumba kwa utii. Walipokuwa wanatoka, Afisa Telesphori alibaki nyuma akijifanya anafunga kiatu.

"Mama," alisema akiangalia kiatu, "mtu akiwa peke yake nyumbani, nani anajua amefanya nini? Mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu, mwanangu."

"Na ukiharibu, sikuwahi kuja hapa."

*

Alimulika yai moja. Kile kitu cheusi kilitikisika, lakini kivivu, kama mtu anayeitika akiwa usingizini. Hapo Bi Sikuzani alipiga moyo konde. Akafunga mlango. Akageuza picha ya Mtukufu ielekee ukutani, akaiomba radhi. Akakaa mbele ya kompyuta.

Hakuwa mjinga. Alimkumbuka Mzee Mbaruku gizani, akajiambia atagusa mstari ule mmoja tu, hata ikitokea nini hatasawazisha. Alikuwa amekariri: futa moja, futa nane, andika tatu, saba, nukta, tano. Alibonyeza pale na pale. Rejista ikafunguka. *Joto: 18.* Akanyoosha kidole.

Ndipo Onyo lilipojitokeza kwenye kioo, kama lilivyowekwa lijitokeze kwa kila anayetaka kufuta. Na Bi Sikuzani akasimama.

Hakukusudia. Miguu ilisimama yenyewe. Mkono wa kulia, uleule uliokuwa umenyooka kuelekea kwenye namba, ukakunjika ukaja kifuani, na mdomo ukaanza: Rejista ni moyo wa mashine. Aliusikia mdomo wake kama anavyomsikia mtu chumba cha pili. Akaukaripia mkono moyoni: shuka, shuka, hakuna anayekuona. Mkono haukushuka. Alifika ubeti wa nne, na kioo kikazima.

Akajaribu tena ameketi kwa nguvu, ameng'ang'ania kiti kwa mkono wa kushoto. Akasimama nacho.

Mara ya mwisho alilia akiwa amesimama, mkono kifuani, akiitikia, machozi yakimshuka hadi kidevuni bila mtu wa kuyafuta, maana mkono wa kufutia ulikuwa na kazi. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Hakuzuiwa na askari, wala hakufungiwa mlango. Ukoo mzima wa mama yake ulikuwa unapoa hatua mbili kutoka alipo, na kilichokuwa katikati ni mkono wake mwenyewe.

*

Alipochoka kulia, alikumbuka shati la Afisa Telesphori na mke anayelilalia. Ulikuwa uongo, lakini ndio msaada pekee uliotoka Idara ya Miguso.

Alitandika kitanda, akalala chali, akayapanga mayai tumboni na kifuani, akajifunga kanga mbili na blanketi. Mwanadamu ana joto lake. Hakuna kompyuta iliyoliweka na hakuna sasisho lililolifikia. Alilala hivyo siku baada ya siku, bila kugeuka, mgongo ukiwaka moto, akila uji uliokorogwa kwa maji baridi. Mzee Mbaruku alimletea, akipapasa ukuta hata kwenye nyumba yenye taa, kwa mazoea.

"Ni kugusa huku?" mzee alimuuliza.

"Sijui, Mzee Mbaruku. Nimelala tu."

Mengi yalishakufa kabla hayajafika kitandani. Aliyajua kwa uzito wake na kwa ukimya wake, akayatoa moja moja, na kila moja alilitoa kama anayetoa kitu mwilini mwake. Asubuhi moja lililobaki likagonga kwa ndani. Likapasuka chini ya titi lake la kushoto, kikatoka kifaranga kimelowa, miguu minene, macho tayari ya ugomvi. Kifaranga kimoja si ukoo. Bi Sikuzani alilijua hilo vizuri sana. Hata hivyo alifurahi mpaka akaogopa.

Asubuhi hiyohiyo hodi ikapigwa. Ulikuwa ukaguzi wa taifa wa usawa wa joto, na kamati ilikuwa ileile. Kifaranga akakitia ndani ya blauzi, akajifunga kanga.

Karani alipima jiko: kumi na nane. Pasi, kumi na nane. Maji ya kuoga, kumi na nane. Mashine ya kutotolesha, ambayo sasa ilikuwa tupu, kumi na nane, akaipiga picha kwa ajili ya kalenda. Kisha akaweka kipimajoto kitandani, kikapanda.

"Afisa," alisema, "kitanda hiki kimeguswa."

Afisa Telesphori akafunua blanketi, akasubiri. Kitanda kikapoa chenyewe, kitanda kitiifu kabisa. Karani akageuka polepole, akaelekeza kipimajoto kwa mwenye nyumba.

"Thelathini na saba," alisoma.

"Mama," alisema Afisa Telesphori, "nani amekubadilishia joto?"

"Hakuna. Nimezaliwa nalo."

"Kwa kibali?"

"Mama yangu hakuniambia."

Afisa akajifuta paji la uso. Shati lake lilikuwa limenyooka kama siku ile. "Ulichukua nakala kabla?"

"Nakala ya nini, mwanangu?"

"Yako wewe."

"Ningekuwa nayo," alisema Bi Sikuzani, "ningeilaza na yale mayai mengine."

Karani alicheka, akajizuia. Bi Sikuzani akawatazama wote watatu. "Na nyie hebu jipimeni."

"Wapimaji hawapimwi," alisema Msoma Onyo, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi kidogo.

*

Wakampeleka Idara ya Miguso, kwenye Chumba cha Usawa, chumba safi cheupe chenye mlango wa kioo, kiyoyozi chake kimewekwa kwenye joto la Ikulu. Hakuwa amefungwa. Walimweleza vizuri kwamba hiyo si jela, ila atakaa humo mpaka asomeke kumi na nane. Ni suala la muda tu, walisema, watu wengi hufika.

Mlangoni Onyo likasomwa. Wote wakasimama wima. Mkono wa Bi Sikuzani ukapanda kifuani kama ulivyopanda maisha yake yote, na safari hii alikuwa ameshautangulia. Chini ya kiganja, ndani ya blauzi, kitu kidogo kilikuwa kinapumua haraka haraka.

Walipofika ubeti wa pili, kitu kile kikalia. Kilikuwa kilio chembamba, lakini korido ilikuwa kimya. Afisa Telesphori akageuza kichwa. Akautazama mkono, akamtazama mama, akautazama mkono tena. Angeweza kusema. Angeweza pia, kwa kuwa nyumbani kwake pasi ilikuwa ya moto, kufungua Rejista ya chumba kile na kufuta mstari mmoja. Akaongeza sauti ya kuitikia, mpaka kilio kikamezwa, na hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya kazini.

Mlango ukafungwa. Onyo likaisha, wote wakashusha mikono isipokuwa Bi Sikuzani. Aliketi kwenye benchi la chuma, mkono uko palepale. Baadaye wageni waliletwa kutazama idara, wakaonyeshwa kwenye kioo mama mwenye midomo ya bluu ambaye Onyo lilikwisha saa nyingi na bado mkono wake uko kifuani. Wakasema, huyo ndiye mzalendo. Wakapiga picha. Bi Sikuzani aliwaona, hakuwasikia. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, naye alikuwa anavibembeleza kimoyomoyo, kama alivyovikaripia siku ile, lakini sasa akivisihi kinyume: visishuke, visishuke, maana vikishuka tu, chini yake nako litaingia joto la Ikulu.